Tulichookota Nyuma ya Ofisi

Siku ya posho, 4 Septemba 1954

Edmond ameamua kwamba nitaokota takataka. Hakuniuliza. Aliniambia huku akipangusa mdomo kwa kitambaa cha mezani, kile chenye maua ya kushona ambacho hatukuwahi kukitumia kabla ya mwezi wa tano.

"Juma lijalo utaenda na kikundi cha Mama Drocella. Komisyo itapenda."

Komisyo! Ndilo neno tunalokula na kunywa humu ndani. Wazungu watakuja kuangalia kama tunalala juu ya kitanda, kama tunakula kwa uma, kama mke anajua kusoma. Wakiridhika, mume wangu, sekretere, yaani karani wa ofisi ya serikali katika posta hii ndogo ya Kinyabugu, atapewa karte ya merite, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye si mushenzi kama jirani zake. Na ili yeye athibitishwe, nitainama mimi.

Nilikaa miaka sita kwa Masista. Nilifundishwa kushona, kuoka mkate na kuandika Kiswahili kilichonyooka. Sikufundishwa kuokota maganda ya miwa waliyotafuna wengine.

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana.

Siku ya posho, 11 Septemba

Soko letu ni siku ya tano. Kesho yake, siku ya posho, yaani Jumamosi, kabla jua halijakausha umande, wanakusanyika watu kumi na wawili ambao hakuna aliyewatuma. Nimekuwa wa kumi na tatu.

Kiongozi ni Drocella, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mbuzi walioko kilima cha pili. Anaimba wimbo wa Bikira Maria na kukosea maneno, na wengine wote wanakosea pamoja naye kwa bidii. Mwanamume ni mmoja tu, Nestor, fundi wa cherehani. Nusu ya vitambaa anavyookota vimetoka chini ya mashine yake mwenyewe, na anaviokota kama havijui. Yuko pia Nyiransabimana, mrefu, mkavu, haongei.

Nilivaa glavu zangu nyeupe za ndoa.

"Ee, Mama Sekretere," Drocella akasema, "hizo utafula na nini?"

"Na sabuni."

"Na maji ya sabuni utamwanga wapi? Usimwange huku chini. Chemchemi iko pale."

Wote wakacheka. Watu ambao hawana hata meza walinicheka mimi.

Siku ya Mungu, 12 Septemba

Glavu hazitakati.

Siku ya posho, 18 Septemba

Magunzi ya mahindi, manyoya ya kuku, majani ya migomba, makopo ya sardini, vipande vya chupa. Juma lijalo vitakuwapo tena, pale pale. Watu kumi na watatu wanaokota, mia nne wanatupa. Mbele ya macho yangu mwanamke mmoja wa kuuza mihogo alitema kapi la muwa juu ya mahali tulipofagia, akanisalimu vizuri sana, "Mwamukaje, Mama," akaenda zake.

Mjinga ni nani, yeye ao sisi? Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Ni sisi.

Siku ya tatu, 22 Septemba

Edmond amenifanyisha mazoezi.

"Wakikuuliza sababu gani unaokota takataka, utasema nini?"

"Mume wangu ameniamuru."

"Adelaïde!"

"Kwa kupenda maendeleo ya wenzangu."

Nilirudia mara tatu. Yeye mwenyewe uma ameushika kama anayetaka kuchoma samaki.

Siku ya posho, 25 Septemba

Mvua. Uchafu ule ule. Wimbo ule ule, makosa yale yale.

Siku ya posho, 2 Oktoba

Leo niliwekwa kwenye mufereji wa barabara pamoja na Nyiransabimana. Nilikuwa naokota vile vikubwa tu, vile vinavyoonekana. Nikageuka, nikamkuta nyuma yangu anaokota nilivyoruka.

"Mbona unanifuata?"

"Sikufuate weye, Mama. Niko nafuata chupa. Mwaka jana bwana yangu alikanyagaka chupa hapa, akalala mwezi muzima."

"Sasa amepona?"

"Alipona, wakamupeleka kwa barabara ya Walikale. Siku zake za kazi ya lazima zilipashwa kuisha mwezi wa sita. Tuko mwezi wa kumi." Alisimama wima. Ana urefu wa kuudhi. "Nilipelekaka barua kwa ofisi. Mwalimu njo aliniandikia. Ndayambaje, njo jina ya bwana yangu. Papa Sekretere hakukuambiaka?"

"Mume wangu haleti kazi nyumbani."

"Aah," akasema.

Sikuipenda ile "aah." Watu hawa wanadhani barua ni kama mbuzi, unaifungua asubuhi, jioni inarudi yenyewe.

Siku ya posho, 9 Oktoba

Jana mvua ilipiga toka saa sita hadi jioni na kukokota soko zima chini. Tuliteremka hadi karibu na chemchemi kuondoa uchafu kwenye matope. Niliteleza mara mbili. Nikamuuliza Drocella, kwa hasira nadhani, anapata faida gani katika haya yote.

Alikuwa anafunga majani makavu. Hakuacha kufunga.

"Wajukuu wangu wawili walihara damu. Mwaka ya makumi tano na mbili, mvua kama hii. Infirmye wa kutoa dawa alisema ni maji. Nikapanda kuangalia maji inatokea wapi. Inatokea hapa."

Nikasema pole. Bado anaimba vibaya.

Siku ya posho, 16 Oktoba

Nina haja ya kuandika hili kama lilivyotokea, kwa maana nimeanza kulipanga kichwani kwa namna inayonipendeza.

Mvua ya juma hili imekata ukingo wa korongo nyuma ya ofisi ya Edmond. Kuna mrundo wa zamani pale, majivu, chupa za wino, viatu vya askari. Drocella akasema twende, kwa kuwa yote yatateremka kwenye maji. Nestor aliingia korongoni akiwa amefungwa kamba kiunoni, akawa anatupandishia vitu.

Alitupandishia furushi lililofungwa kwa jani la mgomba, na juu yake uzi wa ofisi, ule mwekundu. Nyiransabimana alilifungua. Zilikuwa karatasi, zimeloa pembeni, katikati bado kavu.

"Leta kwa Mama Sekretere," Nestor akasema kutoka chini. "Yeye njo anajua kusoma."

Wakanizunguka. Wanawake tisa au kumi, mikono ina matope, wote wakiangalia mdomo wangu. Ya juu ilianza hivi: *Mimi Nyiransabimana, muke wa Ndayambaje, ninaomba ofisi iangalie siku za kazi za mume wangu, kwa kuwa zimekwisha, na kifua chake kinauma.* Pembeni iko namba ya kupokelewa na tarehe, 6 Julai, kwa mwandiko wa Edmond. Mwandiko ule ninaujua kuliko wangu. Chini yake ziko nyingine sita. Tarehe zote ni za mwezi wa saba na wa nane.

"Wanasema nini?" Drocella akauliza.

"Ni orodha," nikasema. "Orodha za zamani za kodi. Hazina kazi tena."

Nyiransabimana alinyoosha mkono akaweka ukucha wake chini ya karatasi.

"Hapa kuko kidole. Na miye niliwekaka kidole kwa barua yangu."

"Vidole vyote vinafanana."

"Ni kweli," akasema, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kwa Masista.

Nikasema nitazirudisha ofisini. Nilizileta nyumbani chini ya kitenge. Nimezisoma zote saba mara mbili. Niliwadanganya bila kufikiri, upesi, kama mtu anayefunika chungu kinachochemka. Sijui nilimfunika nani, Edmond ao nyumba hii na kitanda chake na uma zake.

Siku ya Mungu, 17 Oktoba

Misani sikwenda kupokea Komunyo.

Siku ya tatu, 20 Oktoba

Nilimwekea barua moja kando ya sahani. Aliiangalia kidogo, kisha akaangalia dirisha.

"Umeipata wapi?"

"Ulipoitupa."

"Sikutupa. Niliweka pembeni."

"Ndani ya korongo?"

"Sikiliza, Adelaïde. Malalamiko yakizidi, wazungu wanaandika kwamba posta hii ina fujo. Sekretere wa posta yenye fujo hapati karte. Nikipata karte, watu hawa watakuwa na mtu wa kuwasemea. Ni kwa faida yao."

"Na huyu aliye barabarani?"

"Amezidisha miezi mine. Mwezi moja tena ni kitu gani?"

Alisema hivyo huku amechukua mkate, akaupaka siagi mpaka pembeni, vizuri, kama nilivyomfundisha. Miaka mine nimewadharau watu wa kilima hiki kwa ajili ya mtu huyu. Nilidhani yeye na mimi tuko upande mmoja na wao upande mwingine. Nestor anatupa vitambaa na kurudi kuviokota. Mume wangu anatupa watu, kisha ananawa.

Akaniambia nizichome. Nikasema ndiyo. Nimeziweka katika sanduku la mashuka. Si kwa wema. Sikutaka tu kumtii.

Siku ya posho, 23 Oktoba

Nyiransabimana aliningojea njiani.

"Mama, ile makaratasi ulirudisha?"

"Nilirudisha."

"Haikukuwa na jina ya Ndayambaje?"

"Nilikwambia hapana."

"Mwache," Drocella akasema. "Mama iko anajua kusoma."

Hakuwa anatania. Angekuwa anatania ningeweza kumkasirikia. Leo nimeokota kuliko wote.

Siku ya posho, 30 Oktoba

Nimesema naumwa kichwa. Nimelala mchana nikisikiliza wimbo wao ukishuka kutoka sokoni.

Siku ya posho, 6 Novemba

Kamyo ya Komisyo imekwama katika matope upande wa Muheto. Edmond amekusanya wanaume ishirini wa kwenda kuisukuma. Kwa jambo hili barua ilifika na jibu likatoka siku ile ile.

Siku ya tatu, 10 Novemba

Walikuja saa ine ya asubuhi, wazungu wawili na karani mmoja mweusi wa kuandika. Waliingia chumba cha kulala wakaangalia kitanda. Yule mnene alifungua kabati langu akahesabu sahani. Yule mwembamba, mkubwa wao, alifungua kitabu changu cha Misale akaniambia nisome, nikasoma, akatikisa kichwa kama vile ng'ombe amesema. Nilipika kuku na viazi. Edmond alishika uma vizuri.

Kisha mkubwa akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kupanda na kushuka, ninafanya kazi gani kwa faida ya wengine. Edmond akajibu kabla yangu.

"Muke wangu ana moyo wa huruma sana. Kila siku ya posho anatumika pamoja na mama za kijiji. Wanaokota uchafu."

"Vizuri sana! Na munaokota nini huko, Madame?"

Namna Edmond alivyosema "moyo wa huruma." Naandika hivi kwa sababu sitaki baadaye nijidanganye kwamba niliwaza habari za Ndayambaje na kifua chake. Niliwaza mdomo wa Edmond unaometameta mafuta ya kuku, ukisema kwamba mimi nina huruma, na wote wawili tunajua kilichookotwa korongoni.

Nikainuka. Nikaenda chumbani, nikarudi, nikaziweka juu ya kitambaa cha maua, zote saba, mbele ya mkubwa.

"Tunaokota hizi," nikasema.

Kwanza hakuelewa. Akasoma ya juu. Akaangalia namba, akamwita karani, wakaangalia tarehe pamoja. Yule mnene aliacha kutafuna. Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya dirisha.

"Huu mwandiko ni wako?" mkubwa akamuuliza Edmond.

"Ni wangu, Bwana. Nilikuwa nataka kupanga…"

"Ni wako."

"Ndiyo, Bwana."

Alizitia zote katika mfuko wake wa ngozi. Walituaga kwa heshima, hata walinishukuru kwa kuku. Kamyo ilipoondoka Edmond alibaki amesimama mlangoni.

"Umeniua," akasema.

Nilitoa sahani. Nilingoja anipige, hakunipiga. Aliingia ndani akavua koti lake la Komisyo, akalikunja taratibu. Nikaona haya kumtazama, kama mtu anayemwona mwingine akivuliwa nguo. Lakini dharau haikwisha.

Siku ya posho, 13 Novemba

Habari imezunguka kilima kizima. Drocella alinikumbatia mbele ya soko. Nestor alivua kofia. Wanasimulia kwamba nilikuta barua nyumbani kwangu, zimefichwa na mume wangu, nikazipeleka kwa wazungu bila woga. Yale makaratasi ya korongoni hakuna anayeyataja. Hizo zilikuwa orodha za kodi, nilisema mwenyewe.

Nyiransabimana alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti, Mama. Mungu akuone."

Ningeweza kusema pale pale. Nilisema, "Si kitu."

Siku ya posho, 20 Novemba

Hakuna karte. Edmond ameondolewa ofisini, sasa anapima maharage katika ghala. Haongei nami ila kuomba chumvi.

Siku ya posho, 27 Novemba

Mvua. Nimeokota. Wananipenda. Sijui nitavumilia mapendo hayo hadi lini.

Siku ya tatu, 8 Desemba

Sikukuu ya Bikira Maria. Ndayambaje amerudi. Alifika juu ya kamyo ya mbao kutoka Walikale, wakati watu wanatoka misa. Nyiransabimana alimwona kabla kamyo haijasimama. Hakupiga kelele. Alitembea tu, upesi, upesi zaidi, hata kitambaa cha kichwa kikaanguka njiani na hakugeuka.

Ndayambaje alishuka kwa shida. Mkono wake wa kuume umefungwa kitambaa, na umbo lililo ndani ya kitambaa si umbo la mkono.

Siku ya posho, 11 Desemba

Nilikwenda kwao baada ya kuokota. Walikuwa nje, mbele ya mlango, wanapukuchua maharage. Ndayambaje alitumia mkono wa kushoto na magoti. Ni mtu wa kucheka. Alitaka kuinuka kunisalimu, nikamzuia.

"Mama, njo weye ulinitoaka kule," akasema. "Walinipatia karatasi, wakasema barua ya bibi yako imefika. Ingekuwa imefika mbele kidogo, ningerudi na mikono miwili!" Akacheka tena. "Mawe ilianguka. Tulikuwa tunapasua mulima, pale njia inapinda."

"Siku gani?"

"Tarehe makumi mbili na munane, mwezi wa kumi. Siku hiyo siwezi kusahau."

Nyiransabimana akasema, "Ikala, Mama, nikupatie maji."

Sikuketi.

"Barua yako ilikuwa mikononi mwangu tarehe kumi na sita," nikasema. "Zile karatasi alizotoa Nestor korongoni hazikuwa orodha. Niliisoma mbele yenu. Kidole kilikuwa chako. Nikaficha."

Ndayambaje aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri na anaona haya kuuliza. Mke wake aliacha maharage. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Na kamyo inalalaka njiani mara moja tu."

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi na kwa kofi. Nilikuwa hata na maneno ya kujibu, mazuri, niliyatunga tangu juzi. Alinitazama toka viatu hadi kichwa. Najua namna ile ya kutazama. Nimeitumia miaka mine juu ya kilima hiki. Sikujua inavyokuwa upande wa pili.

"Unajua kulima?"

"Nilifundishwa kushona."

"Sikukuulize kushona. Shamba iko na sehemu mbili. Miye niko nalima ya chini. Ya juu ilikuwa ya huyu." Hakumwangalia mumewe. "Tukimaliza kuvuna, mwaka mupya ukiingia, siku ya kwanza ya kazi, mbele ya jua, utakuya na jembe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitasema. Sasa toka kwangu."

Ndayambaje alisema, "We, mama ya watu…" lakini akanyamazishwa kwa jicho. Nikatoka.

Siku ya posho, 18 Desemba

Wamejua wote. Hakuna aliyenisalimu. Drocella alinionyesha kwa kidole sehemu ya kuokota, ile ya machinjio. Nilistahili mbaya zaidi, lakini hakuna iliyo mbaya zaidi.

Siku ya posho, 25 Desemba

Noeli. Edmond aliomba chumvi, nikampa.

Siku ya kwanza, 3 Januari 1955

Nilitoka kabla ya jua. Edmond alikuwa anafunga viatu vya kwenda ghalani. Aliona jembe.

"Unanitia haya mbele ya watu," akasema.

Nilimwangalia kuona kama anajua anachosema. Hajui.

Shamba lao liko mteremkoni, juu kabisa, udongo mweusi, mzito kwa mvua ya jana. Nyiransabimana alikuwa ameanza kule chini. Hakunikaribisha. Nilichagua pembe ya juu nikaanza, na hadi saa tatu nilikuwa nimekwaruza sehemu ambayo hata kuku wangeiparua vizuri zaidi. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka. Wanawake waliopita kwenda kwenye chemchemi walisimama kuangalia. Mmoja akacheka kwa sauti, wenzake wakamfuata.

Kwenye saa ine Ndayambaje alipanda polepole, akasimama karibu yangu. Nilidhani amekuja kunisamehe, nikamwogopa.

"Hapana vile, Mama," akasema. "Utavunja mugongo. Unashika hapa, unaacha jembe ianguke yenyewe. Leta nikuonyeshe."

Akalichukua kwa mkono wa kushoto. Akalinyanyua, na kwa mazoea akaleta ule mwingine kuushika mpini. Jembe liliteleza likaanguka kati yetu. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akabaki anaangalia udongo, na kule chini mke wake alisimama wima, akatuona, akainama tena.

Nililichukua. Nikashika pale aliponiambia.

"Hapa?"

"Chini kidogo," akasema.

Nimelima hadi kwenye mgomba wa tatu. Migomba ya sehemu ile iko kumi na mine. Kesho narudi.